Kulanti ya Injini: Namna ya Kuichagua na Kuitunza kwa Magari ya Arusha na Meru

Katika barabara inayopanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, si jambo geni kuona lori limeegeshwa pembeni, boneti ikiwa wazi, mvuke ukifuka, na utingo akitelemka na dumu kutafuta maji. Hali hiyo huonekana pia katika barabara ya Arusha kwenda Namanga, na kwa magari yanayobeba nyanya na vitunguu kutoka Ngarenanyuki. Mzigo huiva juani, abiria hutafuta usafiri mwingine, na dereva hubaki akisubiri injini ipoe. Akipata maji ya mfereji huyatia katika rejeta, safari ikaendelea, naye huona tatizo limekwisha.

Mara nyingi tatizo huwa ndipo linapoanza. Maji yaliyotiwa siku hiyo hubaki ndani ya injini kwa miezi, yakila chuma na alumini polepole, hadi siku gasketi itakapoungua au hedi ya silinda itakapopinda. Kwa mwenye gari moja linalolisha familia, gharama ya kufungua injini yaweza kumaliza faida ya msimu mzima. Makala haya yanaeleza kulanti ni nini, namna ya kuichagua kwa mazingira ya Mlima Meru, namna ya kuitunza, na wajibu wa kuiondoa pasipo kudhuru watu, mifugo na vyanzo vya maji.

Kazi ya kulanti

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, gesi yake hufikia joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Sehemu moja tu ya nishati hiyo husukuma gari. Sehemu nyingine hutoka kwa bomba la moshi, na takriban theluthi moja huingia katika kuta za injini. Joto hilo la kuta ndilo linalopaswa kuchukuliwa na kimiminika kinachozungushwa na pampu ya maji, kipelekwe katika rejeta, kipoe kwa upepo, kisha kirudi.

Maji matupu ni hodari wa kubeba joto kuliko kimiminika chochote cha kawaida. Upungufu wake ni kwamba huchemka mapema, na huozesha metali. Kwa sababu hiyo watengenezaji huchanganya maji na ethilini glaikoli au propilini glaikoli, kisha huongeza viambato vya kuzuia kutu. Mchanganyiko huo ndio kulanti.

Wapo madereva wanaosema kwamba kulanti ni ya nchi za theluji, hivyo haina kazi Arusha. Ni kweli kwamba glaikoli ilianza kupendwa katika nchi za baridi kwa sababu huzuia maji kuganda, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda hadi joto lishuke chini ya nyuzi 35 hasi. Faida hiyo haina maana kubwa kwa mkazi wa Usa River au Ngaramtoni. Faida nyingine mbili, yaani kuchelewesha mchemko na kuzuia kutu, zinahitajika hapa kuliko hata penye theluji.

Mwinuko wa Arusha na mchemko wa maji

Jiji la Arusha lipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Tanga au Dar es Salaam, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Arusha huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na katika ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ulio karibu mita 2,300, kwa nyuzi 92 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Ni wazi basi kwamba maji yaliyo wazi yangechemka hata kabla injini haijapata tabu.

Kinachozuia mchemko huo ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko una springi inayoshikilia mgandamizo ndani ya mfumo. Magari mengi kutoka Japani hutumia mfuniko ulioandikwa 0.9 au 1.1. Kwa mfuniko wa 0.9 ulio mzima, maji matupu Arusha huchemka kwa nyuzi 116 hivi. Mfuniko huohuo ukilegea au mpira wake ukichanika, kinga ya nyuzi 20 hupotea mara moja. Glaikoli ikiwa nusu ya mchanganyiko, huongeza kinga nyingine ya nyuzi zipatazo 7.

Kutokana na hesabu hiyo, fundi anayepokea gari linalochemsha angeanza na mfuniko kabla ya kugusa kitu kingine. Mfuniko ni spea ya bei ndogo. Lililo la lazima ni kuuweka wenye namba ileile iliyopangwa na mtengenezaji, kwa kuwa wenye mgandamizo mkubwa zaidi waweza kupasua mipira na rejeta.

Maji ya Mlima Meru na injini

Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita katika miamba yake huyeyusha madini mengi. Wakazi wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu wanalijua jambo hilo kwa uchungu, maana floraidi iliyozidi imebadili rangi ya meno ya vizazi vingi na kupinda mifupa ya baadhi ya watoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, ilhali vyanzo kadhaa vya eneo hili huzidi kiwango hicho mara nyingi. Ndiyo sababu kipo Ngurdoto kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi katika maji.

Kinachosahaulika ni kwamba injini nayo hudhurika kwa madini. Floraidi na kloraidi hushambulia utando mwembamba unaolinda alumini, na hedi nyingi za kisasa, pamoja na rejeta zenyewe, ni za alumini. Zaidi ya hayo, maji mengi ya eneo hili yana wingi wa sodiamu baikaboneti. Maji hayo yakipashwa joto, baikaboneti hugeuka kuwa kaboneti na ukali wa magadi huongezeka, na alumini haivumilii magadi. Mahali penye chokaa katika maji, joto huigandisha chokaa hiyo ukutani kama inavyoganda ndani ya birika. Tabaka jembamba tu la chokaa huzuia joto kutoka katika chuma kwenda katika maji, na injini huungua wakati rejeta imejaa.

Usafi wa maji ya bomba kwa kunywa hautoshi kuyafanya yafae kwa injini. Maji yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, ambayo katika maduka ya spea huuzwa kama maji ya betri. Mnunuzi awe mwangalifu asipewe tindikali ya betri, ambayo nayo huuzwa katika chupa za namna hiyo. Yasipopatikana, maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, ni bora kuliko maji ya mto au kisima. Mwenye mashaka kabisa anunue kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, ambayo haihitaji kuongezwa maji.

Rangi si kipimo

Kosa linalotendeka sana ni kununua kulanti kwa kuangalia rangi. Rangi ni nakshi inayotiwa na kiwanda ili uvujaji uonekane, na hakuna kanuni ya dunia nzima inayolazimisha rangi fulani iwe ya aina fulani. Kijani cha kampuni moja chaweza kuwa tofauti kabisa na kijani cha kampuni nyingine. Kinachotofautisha kulanti ni viambato vya kuzuia kutu, navyo hugawanyika katika makundi makuu matatu.

Kundi la kwanza ni la zamani, lenye silikati na chumvi nyingine za madini. Hulinda haraka lakini huchoka mapema, na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Kundi la pili hutumia asidi za kikaboni, hulinda polepole na kwa muda mrefu, na laweza kudumu miaka 5 katika gari lililotunzwa. Kundi la tatu huchanganya njia hizo mbili. Watengenezaji wa Japani hupendelea mchanganyiko wa asidi za kikaboni na fosfati usio na silikati, wakati wengi wa Ulaya hutumia wenye silikati kidogo. Kuchanganya makundi haya katika rejeta moja hupunguza nguvu ya kila kimoja, na mara nyingine hutengeneza uji unaoziba vijia vya rejeta.

Kitabu cha gari ndicho mshauri wa kwanza. Kisipokuwepo, mnunuzi asome kibandiko cha chombo. Kulanti ya magari madogo hutajwa kwa viwango kama ASTM D3306 cha Marekani au JIS K 2234 cha Japani. Ya injini nzito za dizeli hutajwa kwa kiwango ASTM D6210. Mnunuzi aangalie pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania, tarehe ya kutengenezwa, na kama kibandiko kinataja glaikoli na kiasi chake. Chombo kisichotaja lolote kati ya hayo chaweza kuwa na maji yaliyotiwa rangi tu. Fundi mwenye rifraktomita hubaini udanganyifu huo kwa tone moja, kwani maji yenye rangi husomeka sawa na maji matupu. Kulanti haijaribiwi kwa kuonja hata mara moja.

Malori makubwa yana sharti la ziada. Injini nyingi za dizeli nzito zina mikono ya silinda inayozungukwa moja kwa moja na kulanti. Mkono huo hutetemeka kwa kila mlipuko wa mafuta, na vipovu vidogo hutokea na kupasuka juu ya uso wake, vikichimba vishimo hadi kutoboa. Kulanti ya injini nzito ina viambato, mathalani naitraiti, vinavyofunika uso huo. Viambato hivyo hupungua kwa matumizi, kwa hiyo mwenye lori apime kwa karatasi maalumu za kulanti katika kila huduma kubwa. Kuweka kulanti ya gari dogo katika lori la namna hiyo ni kuokoa fedha kidogo na kupoteza injini.

Kuchanganya na kuongezea

Kulanti nzito, ambayo vyombo vyake huandikwa kwa Kiingereza "concentrate", haitumiki peke yake. Glaikoli tupu hubeba joto vibaya. Kipimo cha kawaida ni nusu kwa nusu: mfumo wa lita 12 hupewa lita 6 za kulanti nzito na lita 6 za maji yaliyokenekwa. Kwa kuwa hapa hakuna hatari ya kuganda, baadhi ya watengenezaji huruhusu glaikoli ya asilimia 30 hadi 40. Chini ya theluthi moja, viambato vya kuzuia kutu huwa vichache mno kulinda metali.

Madhara ya kuongeza maji matupu yanaweza kuonekana kwa hesabu rahisi. Tuseme lori lenye lita 12 za mchanganyiko wa asilimia 50 limepoteza lita 3 njiani, na dereva akajaza maji ya mfereji. Kulanti hushuka hadi asilimia 37 na nusu. Tukio hilo likijirudia, hubaki asilimia 28. Mara ya tatu, asilimia 21. Rangi bado ipo, na mwenye gari huamini analindwa, ilhali ndani mmebaki maji ya mlima yenye rangi. Dereva wa safari ndefu anashauriwa kubeba dumu la lita 5 la mchanganyiko ulio tayari. Akilazimika kutumia maji ya njiani ili kunusuru safari, mfumo usafishwe na kujazwa upya akifika.

Ukaguzi na kubadilisha

Ukaguzi wa kila wiki huchukua dakika chache. Asubuhi, injini ikiwa imepoa, kimiminika katika chombo cha akiba kiwe kati ya alama ya chini na ya juu. Rangi ya kutu huonyesha viambato vimekwisha. Mafuta yanayoelea, au utelezi kama maziwa chini ya mfuniko wa oili, huonyesha gasketi au kipozeo cha oili kimetoboka. Ukungu mweupe kwenye maungio ya mipira, na harufu tamu ndani ya gari, ni dalili za uvujaji. Kiwango kikishuka kila wiki pasipo tone chini, gari lipelekwe kwa fundi akapime mgandamizo wa mfumo.

Rejeta ikaguliwe pia kwa nje. Vumbi la barabara za Longido na mbegu za nyasi za mbugani huziba mapezi yake, hasa kwa magari ya utalii. Husafishwa kwa maji ya nguvu ndogo yanayopelekwa kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia na mapezi yasilale.

Wakati wa kubadilisha, injini iwe imepoa kabisa. Kulanti ya zamani ikingwe katika beseni, kisha mfumo usafishwe kwa maji safi, injini ikiwashwa na hita ikiwa wazi, hadi maji yatoke meupe. Kwa kuwa maji ya kusafishia hubaki kiasi ndani ya bloku, kulanti nzito itiwe kwanza kwa kipimo chake kamili, ndipo maji yaliyokenekwa yajaze nafasi iliyobaki. Hewa itolewe kwa kuacha injini izunguke bila mfuniko hadi vipovu viishe, au kwa njia iliyoelekezwa na mtengenezaji. Baada ya safari ya kwanza na injini kupoa, kiwango kipimwe tena.

Desturi ya kutoa thamostati ili gari "lisichemshe" haifai. Bila thamostati injini hukaa baridi asubuhi za Juni na Julai, hula mafuta zaidi na husagika upesi. Katika injini nyingi thamostati pia hufunga njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita katika rejeta, na gari huchemsha zaidi mlimani. Thamostati iliyokufa hubadilishwa kwa mpya.

Gari linapochemsha njiani

Mshale wa joto ukianza kupanda, dereva azime kiyoyozi, apunguze mwendo na gia, na afungulie hita ichukue sehemu ya joto. Ukifika kwenye alama nyekundu, au mvuke ukitokea, asimame mahali salama na kuzima injini. Mfuniko usifunguliwe kwa muda usiopungua nusu saa. Ndani ya rejeta mna kimiminika cha zaidi ya nyuzi 100, na mgandamizo ukiachiwa hulipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyefungua. Utingo wengi wameungua kwa haraka ya dakika chache. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, kisha apelekwe katika kituo cha afya.

Injini iliyopata joto kali isitiwe maji ya baridi ghafla, kwa sababu hedi hupasuka. Isubiriwe ipoe, ijazwe polepole, na chanzo kitafutwe kabla ya kuendelea.

Sumu tamu

Ethilini glaikoli ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ladha yake ni tamu. Mwilini hugeuka kuwa asidi zinazoharibu figo, na kiasi kidogo chaweza kumuua mtoto, mbwa au mbuzi. Kulanti ya kijani au nyekundu iliyowekwa katika chupa ya soda au ya juisi haitofautiani na kinywaji machoni pa mtoto. Ihifadhiwe katika chombo chake cha asili, kilichofungwa, mahali pasipofikiwa. Mtu akiinywa asitapishwe; awahishwe hospitali pamoja na chombo hicho, hata kama bado hajaonyesha dalili, kwani madhara makubwa huja saa nyingi baadaye.

Gereji nyingi za Arusha na Meru zipo karibu na mito, makorongo na mifereji ya asili inayomwagilia migomba, kahawa na mboga. Kulanti iliyomwagwa kwenye mtaro haipotei. Themi na Usa hupeleka maji yake Kikuletwa, nayo Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na Mto Pangani hadi bahari. Kabla ya kufika huko, ng'ombe wameyanywa na kina mama wameyachota. Kulanti iliyotumika hubeba pia risasi na shaba kutoka katika rejeta za zamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kutupa taka zenye sumu katika vyanzo vya maji.

Kila gereji inapaswa kuwa na dumu lenye mfuniko na maandishi ya wazi, kwa ajili ya kulanti iliyotumika peke yake, isichanganywe na oili. Mwenye gereji asiyejua pa kuipeleka awasiliane na Afisa Mazingira au Afisa Afya kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata yake. Mwananchi anayeona kimiminika cha rangi kikitiririka mferejini atoe taarifa katika ofisi hiyohiyo, na mifugo izuiwe kunywa hapo.

Wenye magari wanakumbushwa kuandika tarehe na aina ya kulanti kwenye kibandiko chini ya boneti kila inapobadilishwa. Fundi atakayelipokea gari hilo mwaka ujao, Karatu au Tengeru, atajua cha kuongeza bila kubahatisha, na utingo hatalazimika kushuka bondeni na dumu.